Mkono wa Pili

Niliukuta kwenye droo ya soksi zake,
umeviringishwa kwenye leso, umelala
kama mtu aliyenuna asiyetaka kuamshwa.
Kutu imeuandama toka mkiani hadi shingoni,
mpini wa pembe umeliwa na wadudu upande mmoja,
jina la kiwanda limebaki herufi tatu.

Kaka yangu Gatien alisema kwa simu, toka Clermont:
"Kinyozi hajinyoi. Mpelekee fundi."
Nikamjibu: mtoto akililia wembe, apewe.
Akacheka. Yeye hajawahi kulilia chochote.

Basi nikaanza mwenyewe, Jumapili, kwenye sinki:
mafuta ya taa, msasa laini, dawa ya meno,
kizibo cha chupa ya divai cha kushikia msasa.
Kutu ikatoka na rangi ya chai,
ngozi ya kidole gumba ikatoka nayo.
Saa tatu usiku ubapa uling'aa
kiasi cha kunionyesha pua yangu,
na makali yakashindwa kukata nyanya iliyoiva.

Kung'arisha si kunoa.

Jumanne nikashuka ngazi mia na kitu,
Durolle ikinguruma chini ya daraja lenye theluji,
kwa Bwana Pradelle, ambaye babu yake alinoa
akiwa amelala kifudifudi juu ya ubao,
pua karibu na jiwe linalozunguka,
mbwa juu ya miguu yake ili damu isigande.
Bwana Pradelle anakaa kitini.
Mbwa yupo, ila amestaafu.

Akavaa miwani juu ya miwani. Hakuniuliza jina.
Aliuinua wembe kwenye taa, akausogeza taratibu
kama asomaye risiti asiyoiamini.
"Euro themanini na tano. Wiki sita.
Mpini ni bei nyingine."
Kisha akanyamaza, akaugeuza tena.

"Huu umenolewa na watu wawili.
Wa kwanza alijua. Miaka thelathini, arobaini,
mlalo ule ule, uzito ule ule.
Wa pili alikuwa na haraka. Alibonyeza kisiginoni.
Hapa, unaona? Makali yamepinda
kama tabasamu la mtu anayeficha jino."

Nilimtazama mbwa.

Majira mawili ya baridi, baada ya kiharusi,
nilimnyoa baba kabla ya kwenda kazini.
Maji yakipoa, redio ikitaja barafu barabarani,
basi la saa moja na robo likikaribia.
Niliupitisha wembe kinooni mara sita, mara nne,
siku nyingine sikuupitisha kabisa.
Aliinua kidevu, upande ule uliokuwa hai,
macho darini. Povu likipata doa jekundu
nilibandika kipande cha karatasi, nikachukua koti.
Hakusema unauma.
Maneno aliyobakiwa nayo yalikuwa machache;
nilidhani ameyaweka akiba kwa mambo makubwa.

"Naweza kuliondoa kosa lote," fundi alisema,
"ila chuma kitapungua. Unene wa unywele, au nywele mbili.
Na kazi ya yule wa kwanza itaondoka pia."

Sikumwambia wa pili ni nani.
Nadhani alijua; alikuwa amekwisha kutazama
kidole gumba changu chenye plasta.

Nilinunua kwake kinoo tu,
jiwe la manjano, dogo kama sabuni ya hotelini.
Alilisawazisha mwenyewe, hakutoza.

Sasa Jumapili nakaa mezani, kikombe cha maji,
saa ya ukutani nimeigeuza uso.
Nasukuma, navuta, bila kubonyeza.
Mbu angeweza kutua mgongoni pa wembe
asijue kwamba kuna kazi inafanyika.
Kisha najaribu mkononi, juu ya kifundo:
vinyweleo vitatu vinaanguka,
cha nne kinakataa.

Gatien anapiga simu, anauliza umepona?
Namwambia, wembe ni ule ule.